Epo Nilizomletea Susu Yako

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Kalama hakuna anayejua matunda kunishinda. Hata miembe hunisalimia kwanza. Susu yako, mke wangu, ni mzima, anakusalimu sana.

Unauliza epo za kuoka? Chukua za kijani, ngumu, chachu, haziyeyuki. Nyekundu ni za kula tu, na zilizolainika zichemshe.

Tulipooana tu, susu yako alinituma sokoni nilete epo, awaokee wazazi wangu. Nikarudi nikiringa.

"Wewe! Hizi ni embe, aina ya embe epo!"

"Kwani embe epo si epo?"

Alicheka, akazioka hivyo hivyo. Zikawa uji. Mama akasema, "Huyu msichana hajui jiko."

Mama alizikwa akiamini hivyo, Mwende, kwa sababu mimi nilinyamaza.

Umau wako