Mbonigaba Atasaini Mara Kumi na Ine

Adelaïde, Mbonigaba atasaini! Jina ya mutoto wetu iko ku karatasi kumi na ine za courant, umeme wa kijiji, na ya baba yake pembeni, na Mbonigaba mwenyewe njo atatia mukono chini yake. Mara kumi na ine! Kaa chini kwanza, kisha usome.

Lushebere, Masisi
Siku ya Mungu, tarehe 11 Agosti 2019

Mpendwa dada yangu Adelaïde,

Unisamehe, nimetanguliza habari mbele ya salamu kama muntu asiyelelewa. Furaha ilinisukuma. Sasa nakusalimu kwa heshima. Uko muzima? Magoti yako je? Na Papa Théophile, kile kifua chake kimetulia? Huku tuko wazima. Maharage yamekubali, na bunduki zimenyamaza tangu Pasaka, ingawa viatu bado tunaviweka karibu ya kitanda.

Thacienne wangu, wetu niseme, kwa sababu mikono yako njo ilimupokea, alimaliza masomo ya umeme kule Goma, na compagnie inayojenga turbine mutoni hapa kwetu ilimuchukua. Yeye njo anachora. Wanaume wazima wenye ndevu wanavuta nyaya na kumuuliza: "Mama Ingénieur, hii iende wapi?" Na huyo Mama Ingénieur ana miaka makumi mbili na mbili, na anacheka na meno ya baba yake.

Nilikuwa nafikiri kuchora ni kuchora tu. Hapana, dada. Alileta ordinateur yake, ile kompyuta, nyumbani, akaketi ku meza yangu ya kuchagulia maharage, akafungua ukurasa mweupe. Kwanza alichagua ukubwa wa karatasi. Akazungusha mustari pande zote ine, akatia hesabu juu na herufi kando, ili muntu akitafuta taa ya kanisa aambiwe C5 na aipate. Kisha ku pembe ya chini, mukono wa kuume, akajenga nyumba ndogo yenye vyumba vyumba. Wanaiita cartouche. Kuko chumba cha jina ya kazi, cha tarehe, cha namba ya karatasi, cha mwenye kuchora, cha mwenye kukubali. Hiyo yote inafanywa mara moja tu, inawekwa kama modèle, na kila karatasi mupya inazaliwa nayo tayari. Ni sawa na moule ya matofali: udongo ni mwingine, umbo ni lile lile.

Nikamuuliza, huyo mwenye kukubali ni nani? Akainamisha kichwa. "Ni président wa comité ya courant, Mama. Ni Papa Mbonigaba."

Huyo huyo, dada! Shemeji yangu unamujua, lakini hukukuwa ku kilio. Siku tulizika bwana yangu Sebarenzi, mu 2007, ndugu yake huyo alisimama watu wangali wanalia, akasema: "Huyu mutoto si wetu. Consolée alimuokota mu pori wakati wa kukimbia." Kwa neno hilo moja akakamata shamba. Mimi na mutoto tukalala miaka miwili mu camp, chini ya bâche, lile turubai, na mahindi ya baba yake tunayaona kwa macho yakikomaa. Hata ku masomo aliandikwa Thacienne tu, kwa sababu Mbonigaba alikataza jina ya baba yake. Kila asubuhi nikipepeta maharage, Mbonigaba nilikuwa namupepeta pamoja nayo.

Chumba cha mwenye kukubali kilikuwa cha jina tu; kile cha kusaini Thacienne alitaka kukiweka ku karatasi ya kwanza peke yake. Inatosha, Mama, anasema.

"Na ukikiweka mu ile modèle?"

"Basi kitatoka ku zote."

"Zote ngapi?"

"Kumi na ine."

"Kiweke."

"Mama, wewe!"

"Kiweke, mwanangu. Na pembeni ya jina yako, Sebarenzi uandike na herufi kubwa."

Alicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha akaacha kucheka, akaandika. Mukubwa wake wa Goma aliangalia, akasema ni vizuri, kila karatasi inafaa kuwa na sahihi yake. Umeona?

Alhamisi, mu mukutano, karatasi ya kwanza ikawekwa mbele ya Mbonigaba. Akavaa miwani. Akatafuta moulin yake ya kusaga unga, akaona mustari wa courant umeifikia, akaridhika, akafungua bic. Macho yakashuka ku ile pembe.

"Sebarenzi gani huyu?"

"Ule mulinyonya titi moja, shemeji," nikamujibu. "Ao na yeye aliokotwa mu pori?"

Watu walicheka mpaka chef wa kijiji akaficha mudomo. Mbonigaba akafunga bic, akasema jina ile ifutwe kwanza. Thacienne akamujibu polepole, mikono nyuma: "Baba mukubwa, iko mu modèle. Naweza kuifuta ku zote kumi na ine na kidole kimoja. Lakini sitaifuta."

Bila sahihi, compagnie haiwashi, na moulin yake itaendelea kukohoa moshi wa mazout. Chef akakata neno: atasaini siku ya kuwasha, mbele ya wote, ao aseme kwa nini anakataa. Akisaini, amemukubali mutoto wa ndugu yake, na kesi ya shamba inafunguliwa.

Sasa anazunguka akisema: nani aliona huyu mutoto akizaliwa? Wewe, Adelaïde! Wewe njo uliona, mu ile mvua ya Novemba 96 njiani kwenda Walikale, na wewe njo ulipasua kitenge chako cha parokia ukamufunika. Nusu yangu ningali nayo. Lete nusu yako. Tutaziunganisha mbele ya macho yake.

Padri ananiambia nisamehe. Nitasamehe, kisha ya karatasi ya kumi na ine. Nimemutafutia meza fupi, ainame vizuri.

Usipite njia ya pori, bado watu wanakamatwa humo. Pita Hombo, Bukavu, boti mpaka Goma. Pale Mubambiro waaskari wakikuuliza, waambie unaenda kwa mama ya Ingénieur. Thacienne atakungojea Sake na pikipiki.

Nisalimie Papa Théophile, Fifi na watoto wake, na Mama Augustine, umuambie kuku wake aliyetupikia ningali ninamukumbuka. Mungu aliyetuvusha mu ile pori akuvushe tena, miguu yako isichoke.

Ni mimi ndugu yako ambaye hajasahau mikono yako,

Consolée

Siku ya kuwasha ni Jumamosi, tarehe 7 Septemba, saa tatu ya asubuhi, mbele ya nyumba ya turbine. Kuja na wote.