Mshale Unaoanzia Kumi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungua banda mapema. Kompresa imewaka mara moja. Bajaji, pikipiki, baiskeli za mkaa. Mtaa wote wa Cheyo unajazwa upepo na mimi.

Saa nne kaja binti wa vipimo, mkaguzi wa serikali. Shikamoo, marahaba. Kachomeka geji yake kwenye tairi nililolijaza sasa hivi. Yangu inasema thelathini, yake ishirini. "Babu, geji yako inadanganya. Tazama, haina upepo na mshale umesimama kwenye kumi." Kabandika kibandiko chekundu. Nisiitumie mpaka ikarekebishwe.

Geji hii nilitoka nayo reli. Imepima breki za treni. Mshale hauanzi chini kwa sababu umezoea kazi kubwa. Nawaambia watu hivyo miaka yote, hakuna aliyebisha.

Kibandiko nimekibandua. Nimekitia jikoni, kimeungua.

Jumatano, 6 Agosti
Mtani wangu Madeje kapita na pikapu. Anapeleka ndoo za asali Nzega. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, tunatukanana tangu ujana na haruhusiwi mtu kununa. "Jaza, mpagazi. Babu zako walibeba pembe kichwani mpaka pwani, gurudumu umelijulia wapi?" Nikamwambia babu zake walikaa njiani wakidai hongo ya maji. Tumecheka.

Matairi yote manne, thelathini kwa geji yangu. Binti wa vipimo akalale.

Ijumaa, 8 Agosti
Tairi la nyuma la Madeje limepasuka kabla ya Nzega. Pikapu imelala mtaroni. Mkono wake umevunjika. Asali yote chini.

Fundi wa huko kasema matairi yalikuwa laini, mzigo mzito, yakapata moto. Fundi wa huko mjinga. Jua kali. Tairi bovu. Anastazia kauliza mbona sili. Nimemwambia mke hamchunguzi mume sahani.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa nimekwenda hospitali. Madeje ana plasta mpaka begani. Kaniona mlangoni.

"Huyo mpagazi wangu. Geji yake nitamwazima mke wangu anipimie akili, angalau zitaongezeka kumi."

Wodi nzima imecheka. Kumbe na yeye huuona mshale. Mtani hanuni, nikacheka na mimi, meno tu. Njiani hasira zimenishika mpaka nikapita nyumba yangu mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti
Geji mezani. Haina mpira, haina upepo. Nimeigonga. Nimeipuliza. Nimeipa jua. Kumi.

Namchukia yule binti. Naichukia barabara ya Nzega. Reli nayo, miaka yote ile, ikanipa chuma kibovu niondoke nacho.

Jumamosi, 30 Agosti
Pikapu imetengenezwa. Anaendesha mpwa wake. Madeje kakaa pembeni, mkono umening'inia shingoni. Wangeweza kujaza kwenye kituo cha mafuta. Wamekuja kwangu.

"Jaza, mpagazi."

Nimechomeka. Mshale umefika thelathini. Sikuacha. Nimeusubiri mpaka arobaini, tairi moja baada ya jingine, yote manne. Madeje kashuka, kasimama karibu yangu, anautazama mshale.

Hakunitania.