Sukari ya Kioo na Sukari ya Chai

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 23 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Jemima,

Pokea salamu nyingi za mama yako mdogo. Hujambo huko Ubelgiji? Baridi imepungua? Unapata ugali, au wamekuzoesha mkate tu? Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mvua bado inanyesha na matope yanafika mlangoni.

Baba yako mdogo Edmond ni mzima wa mwili, ila biashara imelala. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza, maharagwe ya Kivu hayafiki. Anafungua ghala kila asubuhi na kukaa mlangoni kulinda hewa.

Mama yako, kama unavyojua, alifika tarehe nane. Kutoka Goma alizungukia Rwanda, Tanzania na Zambia, na pale mpakani Kasumbalesa lori lilikwama kwenye foleni siku mbili. Alishuka na mkoba mmoja na viatu visivyofanana. Nilicheka kwanza, kisha nikalia.

Kwenye simu tulikuambia ana uchovu wa safari. Tulikudanganya. Ilikuwa kolera, na nusura nimuue kwa mkono wangu mwenyewe. Amepona, nakuambia hilo mapema ili usome ukiwa umetulia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningeishia kulia, nawe usingeelewa kitu.

Unaikumbuka barua yako ya Krismasi? Niliisoma mbele ya akina mama wa kanisa, kifua mbele. Ulieleza jinsi huko maabara mnavyodondoshea mamia ya aina za sukari juu ya kioo kidogo, kila aina mahali pake, halafu mnamwagia virusi au sumu ya kolera, mnaosha, mnaangalia imeng'ang'ania wapi. Kisha ukaandika: "Sumu ya kolera inatafuta sukari, na ikiipata haiachi." Akina mama walipiga vigelegele. Nami nikayashika maneno hayo kuliko sumu yenyewe.

Asubuhi ya pili baada ya kufika, mama yako alianza kuhara na kutapika maji matupu. Jirani yetu Habiba, yule fundi cherehani wa familia ya Maniema, alikuja mbio na lita ya maji yaliyochemshwa, ameweka vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Alimmiminia kikombe, nami nikakipokonya.

"Hapana, dada, sukari itaita sumu! Mutoto wetu iko anajifunza hii mambo kule Bulaya."

"Lakini Mama Kyakimwa, hata ku dispensere banapanaka bagonjwa maji ya sukari!"

Nikamjibu ashone nguo zake, sayansi atuachie sisi wenye mtoto. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na siku ile debe nilikuwa mimi.

Nilimpa maji matupu kwa kijiko. Kufika saa nane mchana macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Habiba, pamoja na matusi yangu, alikuwa ameshakwenda kumwita Numbi, muuguzi wa kituo cha afya. Numbi alimpima, akauliza kwa nini hakunyweshwa maji ya sukari na chumvi. Nikamwonyesha barua. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mama, huyu mutoto iko anasema kweli. Ni weye ulisoma mubaya. Hii sukari sumu inatafuta iko ku utumbo, mwili wenyewe ndio unaitengeneza. Haiko ya chai. Ya chai ndiyo inasaidia maji na chumvi biingie."

Tulimpeleka kituoni kwa teksi, wakamtundikia seromu ya mshipani siku tatu. Nilimwomba Habiba msamaha pale kwenye benchi. Akasema ana sindano nene, nikirudia atanishona mdomo.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Nilipokiondoa kile kikombe, mama yako alikuwa bado na nguvu za kukigombania. Midomo ilikuwa imekauka na mkono wake ulishakigusa. Aliniuliza tu: "Ni Jemima alisema?" Nikasema ndiyo. Akarudisha mkono.

Sikuandikii ili uache kazi. Yeye alinikataza nisikuambie, anaogopa utatupa vioo vyako urudi nyumbani. Lakini nimeona aibu kunyamaza, na ni haki yako kujua neno lako lina uzito gani huku. Barua ile imeshazunguka nyumba nyingi, na kolera bado iko mtaani. Tuandikie nyingine upesi. Mstari wa kwanza uwe huu: mgonjwa mpeni maji ya sukari na chumvi. Nitaisoma mbele ya akina mama wale wale, na kosa langu nitalitaja.

Edmond anakusalimia, na binti yetu Glodie, na Habiba pia. Mungu akufunike kwa mkono wake huko ugenini, akurudishe kwetu na akili na afya.

Mama yako amekaa hapa karibu nami, anachambua mchele. Anajua nakuandikia, hajui naandika nini. Nimemuuliza nikuwekee salamu gani. Amesema: "Umuambie tu asome sana. Siye huku tunamusikia."

Wako akupendaye,
Mama yako mdogo Kyakimwa