Mahindi ya Barisa

Jumatatu, 7 Julai
Dawa ya presha. Redio. Kisha baraza la wazee, jambo lile lile tena. Barisa, mtoto wa marehemu dada yangu, analima. Ukame ulimmalizia ng'ombe, akapanda mahindi kando ya mto. Muorma, mfugaji tangu babu zake, na jembe! Wazee wanaona aibu, wanataka ashtakiwe. Nikaeleza kama zamani darasani: kuvunja desturi si kuvunja sheria. Desturi huadhibu kwa kicheko na kununa. Sheria huadhibu kwa jela. Walinisikiliza kwa adabu. Hawakunielewa.

Jumatano, 9 Julai
Sokoni Garsen vijana walimzomea: "Barisa, umeoa jembe! Mahari ulitoa mbolea?" Naye: "Njooni harusini, mtakula mahindi." Nilicheka. Mkewe hakucheka. Chakula chote cha watoto wake kiko shambani.

Ijumaa, 11 Julai
Tukiwa msikitini, ng'ombe waliingizwa katika mahindi ya Barisa. Halikusimama bua hata moja. Ng'ombe ni wangu. Aliyewaingiza ni Guyo, mwanangu mkubwa. Hakukana. "Baba, tumemtia adabu tu."
Nimechoka.

Jumamosi, 12 Julai
Baraza tena. Wameamua ni mambo ya nyumbani, yaishe kwa dua. Nikaeleza upya. Barisa ameacha njia yetu, hakumdhuru mtu. Kuharibu mazao ya mwenzio kwa makusudi ni jinai, hata kijiji kizima kikishangilia. Mzee Dida akaniuliza, "Mwalimu, utamfunga mwanao kwa sababu ya mabua?"
Barisa hana shahidi mwingine ila mimi, niliyemsikia Guyo akikiri. Wote waliomwona Guyo wamekuwa vipofu.

Jumatatu, 14 Julai
Nimekwenda kituoni na Barisa. Nimeandikisha maelezo, jina la Guyo limo. Sikuhisi ushujaa. Nilitaka kulala tu. Alasiri polisi wakamchukua Guyo. Mama yake hasemi nami.

Ijumaa, 18 Julai
Guyo ametoka kwa dhamana. Kesi ipo. Amepita mlangoni bila salamu.
Kwetu mtu hampeleki damu yake polisi. Nimefanya lisilofanywa. Baada ya swala wazee walikwenda kunywa chai, hakuna aliyeniita. Sina kinyongo. Kutomwita mtu chai si kosa la jinai. Ningeweza kulieleza hilo vizuri, lakini hapakuwa na wa kumweleza.