Sungura Sikumkata

Kwako kaka yangu mkubwa, mwenye tai na viatu vya kung'aa,

Pokea salamu za mdogo wako, ingawa hukuziomba. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, na mikono yangu yote miwili ina ngozi yake. Nawe naamini u mzima, maana mtu anayefoka kwenye simu namna ile hana homa. Salamu za mama hazimo humu, na hali ya shemeji sikuulizi. Sababu utazikuta huko chini, ila usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka foleni.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa simu unanikatia kabla sijamaliza. Hii ukiichana, utakuwa umeshaisoma.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yangu. Uliwaambia wakwe zako kwamba mdogo wako ni kinyozi wa panya, wakacheka mpaka baba mkwe akapaliwa. Panya sinyoi, kaka. Nanyoa sungura, na hapa maabara hakuna mkono kama wangu. Daktari wetu, mama mkali asiyecheka hata akitekenywa, huwaambia wageni kwamba tangu nishike mashine sijamkwaruza sungura hata mmoja. Wewe na vyeti vyako vyote, ndevu zako mwenyewe unazikata ukaonekana umepigana na paka.

Na kazi yenyewe si mchezo. Namnyoa sungura mgongoni, ngozi ibaki nzima. Siku ya pili daktari anadondosha dawa kidogo ya kupimwa upande mmoja, anaifunika kwa shashi na plasta. Upande wa pili haupakwi kitu, unaachwa vilevile uwe shahidi. Ngozi ikiwa na mkwaruzo, sungura huyo hafai, kwa sababu hutajua kilichomuumiza ni dawa au ni kinyozi. Haya nilikueleza mwenyewe siku nilipokuwa nikijisifu, na hapo ndipo ulipoona mlango. Wewe hata kwenye ukuta mtupu huona mlango.

Basi ikaletwa dawa ya kiwanda chenu, ile ya kung'arisha vigae na kutoa kutu, ambayo wewe ni mkubwa wa wauzaji wake. Nilichagua sungura mweupe, mnene, mwenye tabia ya kutafuna hata kamba isiyo yake. Nikamwita Kaka. Usikasirike, mlifanana.

Alipopakwa alitulia kidogo, kisha akaanza kupiga miguu kizimbani. Daktari alipobandua plasta, ngozi ilikuwa imegeuka kijivu, laini kama karatasi iliyolowa, na pembeni imeanza kuwa nyeusi. Upande wa pili, niliounyoa kwa mkono huuhuu, ulikuwa safi kama shavu la mtoto. Daktari akasema imetosha, dawa hii inakula ngozi, na hakuna sungura mwingine atakayeguswa. Akamchoma sindano ya kumpumzisha. Nilimshika mimi mpaka alipolegea. Najua utacheka. Cheka.

Jioni ukapiga simu. Ukanitaka niende kwa daktari niseme mkono uliniteleza, nilimkata sungura, ili jaribio lifutwe na iombwe sampuli nyingine, ambayo ungeileta mwenyewe ikiwa imezimuliwa kwa maji. Ukasema madumu yako tayari kwenda madukani, yamebandikwa picha ya mwanamke anayesugua sakafu kwa mikono mitupu huku anatabasamu. Ukasema mimi sina cha kupoteza, kwani nani atashangaa mtu aliyeacha shule njiani akikosea kazi. Ukanipigia na methali, eti zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Sikufichi, nusu nilikuwa nimekubali. Ndugu ni ndugu hata akiwa na mdomo kama wako. Asubuhi nilikwenda kazini na uongo wako mdomoni, nikamkuta shemeji getini. Ulimtuma wewe, aje aniombe kwa upole nisikuangushe. Alikuwa amezungushia mikono kitambaa cha kichwa. Mlinzi alipompa maji, alikibana kikombe kwa vifundo vya mikono. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ni mafuta ya moto. Nikamwomba anionyeshe, akakataa, kisha akafungua.

Kaka, rangi ile niliiacha jana mgongoni mwa sungura.

Nilimwambia mafuta hayaunguzi hivyo. Kisha akasema ulileta dumu nyumbani kabla sampuli haijafika kwetu, ukamwambia asugue vigae vya bafu bila glavu, ili uone kama mikono itavumilia na uwe na la kuwaambia wateja. Alipolalamika inawasha ukamwambia amalizie kona iliyobaki. Alipolia, ukamfundisha kusema ni mafuta.

Kwa hiyo ulijua. Ulipokuwa unanipigia kelele kuhusu sungura, jibu lilikuwa limelala kitandani kwako, limefungwa kitambaa.

Sasa sikia nilichofanya, usije ukasikia kwa watu ukadhani wanakusingizia. Nilimshika shemeji bega, nikampeleka kwa daktari, nikasema sungura sikumkata, na huyu hapa ni wa kwanza, yule alikuwa wa pili. Daktari aliitazama mikono ile, asiulize kuhusu sungura tena. Akampeleka hospitali kwa gari lake, kisha akawapigia simu wakubwa wako nami nikiwa palepale, akalitaja jina lako polepole, kama anayemwandikisha mtu.

Shemeji yuko kwa mama. Mama anamlisha kwa kijiko na hasemi neno, nawe unamjua mama akinyamaza. Usije. Ukija, mlangoni utanikuta mimi, na mashine yangu iko chaji.

Ulizoea kuniambia sina elimu, na ni kweli. Lakini hata mimi nisiyesoma najua kwamba sungura huachiwa upande mmoja mzima. Wewe mkeo umemuunguza mikono yote miwili.

Yasalimie madumu yako, kama wakubwa wako hawajaja kuyachukua.

Ni mimi mdogo wako,
kinyozi wa sungura.