Kilichoinyima Usingizi Kompyuta ya Ofisi

Jumamosi, Januari 1998. Ramadhani kumi na nane.

Joto la leo halina haya. Mvua imekatika lakini mji bado unanuka tope, na mbu wa Garissa hawajaambiwa kama huu ni mwezi mtukufu. Nimekaa uani kwetu, mgongo kwenye ukuta, midomo imekauka, nasubiri magharibi.

Daftari langu, leo nimelipiza kisasi.

Nakuandikia wewe kwa Kiswahili kwa sababu humu nyumbani hakuna mwenye subira ya kukisoma. Hooyo, mama yangu, akiona mistari hii atadhani ni kazi ya ofisi. Kwa hiyo nitasema yote, hata yale ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasema.

Nianze na barua. Alhamisi asubuhi Adeer Noor, karani mkuu wetu ambaye sote tunamwita adeer, yaani ami, alikuja mezani kwangu na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Akaiweka mbele ya kibodi, akaigongagonga kwa kidole. Piga chapa, bosi anaitaka kabla ya adhuhuri. Nikaanza kupiga bila kufikiri, maana barua za ofisi zote nazipiga mimi. Nilipofika mstari wa tatu ndipo nikaona jina.

Ilikuwa barua ya onyo. Ya kunionya mimi.

Hakuna mwingine pale ofisini anayeweza kuitumia kompyuta, basi ikabidi nijipigie mwenyewe. Uzembe, matumizi mabaya ya mali ya mradi, hujuma ya mawasiliano. Ikifika mwisho wa mwezi na hali haijabadilika, nirudishwe chumba cha faili nilikotoka, na kompyuta apewe mtu mwingine. Adeer Noor alisimama nyuma yangu muda wote akihakikisha sijaruka neno.

"Jina yako weka yote tatu, naa Rukia," akasema. "Watu wasifikirie ni Rukia ingine."

Nikaweka yote matatu. Nikaichapisha, nikampa kwa mikono miwili. Ulimi wangu nilikuwa nimeuuma mpaka ukaniuma. Sisi tumefundishwa tangu utotoni: ukiwa umefunga na mtu akakutukana, unasema nimefunga, unapita. Mimi nimesema nimefunga kila siku tangu mwezi huu uandame. Nilisema Alhamisi pia, kwa sauti ndogo, nikiangalia viatu vyake.

Lakini moyoni nilisema ngoja.

Sasa kosa lenyewe. Mradi wetu wa mifugo una betri nne kubwa kwenye stoo. Stima ya mji ikiwepo, zinajaa. Ikikatika usiku, zinachukua kazi, na asubuhi saa mbili ndizo zinazoendesha redio ya upepo tunayoongea nayo na watu wetu wa Ijara, Kotile na Dadaab. Barabara ya Ijara bado imekatwa na maji. Watu wa huko mbuzi wao wanakufa, na njia pekee ya kutuambia wanataka dawa gani ni hiyo redio. Tangu Ramadhani ianze, kila asubuhi tukiiwasha, kimya. Betri zimekauka kabisa.

Kompyuta nayo iko kwenye betri hizo hizo. Fundi aliyeileta kutoka Nairobi alituapisha tusiizime hata siku moja. Alisema kuizima na kuiwasha ndiko kunakoiua, tuiache tu, ikikaa dakika kumi na tano bila kuguswa, diski ya ndani itasimama, kioo kitazima, na mashine nzima italala. Ikilala haili umeme wa maana. Ndivyo ilivyokuwa tangu nikabidhiwe. Jioni nilikuwa nafunga pazia nikiisikia ikilala, ule mvumo wa diski unashuka, unashuka, halafu hakuna.

Basi betri zilipoanza kufa, Adeer Noor alikuwa na jibu siku hiyo hiyo. Msichana anacheza karata za kwenye kompyuta, haachi mashine ipumzike. Alilisema kwenye mkutano, mbele ya wote, wakiwemo wazee waliotoka Kotile kwa miguu kuulizia dawa. Dubow, dereva wetu, ambaye hana neno asiloligeuza mzaha, akaongeza, "Kombyuta ya Rukia nakula daku usiku kucha, asubuhi nalala fofofo." Watu wakacheka. Bosi wetu, Bwana Kilonzo, mtu wa Kitui asiyefunga na ambaye mwezi huu wote anakunywa chai amejifungia mlango kwa heshima yetu, hakucheka. Alinitazama tu. Nafuu angecheka.

Nakiri: karata nimewahi kucheza. Mara mbili, mwezi wa kumi na moja. Ndiyo maana sikuweza kuapa, na Adeer Noor alijua sitaapa.

Jana, Ijumaa, wanaume wote walikwenda msikitini. Ofisi ikabaki yangu na mlinzi wa getini. Nilivua saa mkononi, nikaiweka mezani, nikainama nikalaza sikio langu kwenye sanduku la kompyuta. Sikugusa kitu.

Diski ilikuwa inavuma. Nikasubiri dakika kumi na tano, zikapita, haikulala. Ila nilisikia kitu. Krrr. Kimya. Halafu krrr tena, na ile taa nyekundu ya mbele ikapepesa. Nikatazama saa. Kila dakika moja, bila kuchelewa hata sekunde. Kila ikitaka kusinzia, kuna kitu kinaiamsha.

Karata haziwezi kufanya hivyo zenyewe.

Nikaanza kufunga kimoja kimoja. Programu ya barua ina tabia ya kujihifadhi yenyewe, nikaifunga. Nikasubiri. Krrr. Ile ya kuwinda virusi, nikaifunga. Krrr. Nikachomoa hata waya wa printa, ingawa nilijua ni ujinga. Krrr. Adhana za misikiti mitatu zilikuwa zimeshapita zote, nikasikia hotuba kwa mbali kwenye vipaza sauti, na jasho lilikuwa linadondoka kwenye kibodi.

Ndipo nikapata akili. Kama kuna kitu kinaandika kwenye diski kila dakika, basi kuna faili ambalo saa yake inabadilika kila dakika. Nikayaambia mafaili yote yajipange kwa saa ya mwisho kuguswa. Juu kabisa lilikuwepo moja nisilolijua. Saa saba na dakika nne. Nikaita orodha upya. Saa saba na dakika tano. Nikaita tena. Saa saba na dakika sita.

Nikalifungua. Daftari langu, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikafunga mdomo kwa mkono mlinzi asije.

Ilikuwa programu ya nyakati za swala. Inachungulia saa kila dakika, inaandika kwamba imechungulia, na wakati wa swala ukifika inaadhini. Kompyuta yetu haina spika. Kwa hiyo imekuwa ikiadhini mara tano kwa siku tangu siku ya kwanza ya mfungo, na hakuna kiumbe aliyesikia. Na juu ya faili, pale inapouliza mwenye programu ni nani, kulikuwa na majina matatu ya Adeer Noor. Aliyaweka yote, mwenyewe.

Nikakumbuka vizuri sana. Siku ya kwanza ya Ramadhani alinituma posta, akasema anataka kutazama orodha ya dawa za stoo. Mpwa wake alikuwa amekuja kutoka Eastleigh, Nairobi, na disketi. Lazima Adeer Noor aliitia mwenyewe, akabonyeza kila alichoambiwa abonyeze, akangoja adhana, haikutoka, akaona imekataa. Akatoa disketi yake akasahau. Hakunitaka ushauri. Angeniuliza mimi? Mimi ni wa faili.

Kidole kilikuwa juu ya kibodi na bado nikasita. Kuizima adhana, siku ya Ijumaa, mwezi huu? Nikasema astaghfirullah, nikaizima. Nikakaa. Dakika kumi na tano zilikuwa ndefu kuliko asubuhi nzima. Kisha mvumo ukashuka, ukashuka. Kioo kikawa cheusi.

Imelala.

Wanaume wakiwa bado hawajarudi, nikarudisha waya wa printa, nikaiamsha kwa kazi moja. Nikachapisha kurasa za faili lile za usiku mmoja tu, kuanzia isha mpaka asubuhi, kila dakika na mstari wake, karatasi ikatoka imeungana na kukunjana mpaka sakafuni. Halafu nikafungua ile barua yangu ya onyo. Sikubadilisha neno. Uzembe ukabaki uzembe, hujuma ikabaki hujuma. Nilibadilisha jina tu, na nikaweka yote matatu, watu wasifikirie ni Noor mwingine.

Leo asubuhi saa mbili tulisimama wote mbele ya redio. Dubow akaiwasha. Taa ikawaka, na sauti ya yule bwana wa Kotile ikaja safi hata kikohozi chake tukakisikia. Alikuwa na mengi ya kusema, maskini. Bosi aliandika kurasa mbili. Alipomaliza akageuka akauliza nani ametengeneza betri. Nikasema betri hazikuwa na kosa. Nikaziweka karatasi mbele yake, na barua juu.

Alisoma yote. Akanitazama, akatazama barua, akaona anaitambua. Akachana ile yangu. Yake Noor akaitia sahihi, akaniambia nimpelekee mwenyewe.

Ningeenda hata kwa magoti.

Nilimpa kwa mikono miwili kama alivyozoea, pamoja na zile kurasa za programu yake. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nikasimama pale pale, nyuma yake, kama alivyosimama nyuma yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: akatae, afoke, aseme ni uongo wa msichana. Nilikuwa na majibu ya kila moja. Nilikuwa nayatamani.

Hakuuliza habari ya barua. Alikunja karatasi, akaniuliza polepole, kama anaongea na dada yake, "Rukia abaayo, hiyo kitu, kweli ilikuwa naadhini?"

"Kila wakati wa swala, Adeer," nikamjibu. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

Niliona uso wake ukisinyaa. Mzee yule mwenye ndevu za hina, anayetukemea tukichelewa kutawadha, akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia haina spika, kwamba hata angelala na sikio juu yake asingesikia. Sikumwambia. Akainuka akaenda kuchukua udhu, na adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Programu ile ina orodha ya miji. Garissa haimo. Yeye hakuchagua, akaacha ule mji iliokuja nao, London. Huko jua la mwezi huu linazama saa kumi. Kwa hiyo kila siku saa kumi alasiri, jua la hapa bado linatoboa vichwa, kompyuta yetu ilikuwa ikiadhini magharibi. Angeisikia, yeye mwenye haraka ya tende, angefuturu siku zote hizi kabla ya wakati. Ule ukimya ndio uliomlindia funga yake. Ningemwambia hilo tu, angesema alhamdulillahi, angecheka, yangeisha.

Nimeliweka. Nimesema nitamwambia Jumatatu. Siku mbili tu akae nalo, yeye kaniweka zaidi ya wiki mbili. Nilitembea kutoka ofisini leo kama bibi harusi, Dubow ananipigia honi na mimi hata sigeuki. Utamu wake sitaudanganya, nimeusikia mpaka kwenye kucha.

Nusu saa iliyopita Eddo Fatuma, mke wa Adeer Noor, amekuja mwenyewe na sahani imefunikwa. Sambusa za nyama, tende, na jagi la juisi ya ndimu. Hajawahi kutuletea futari. Alisalimiana na Hooyo, akauliza habari za mbuzi na za magoti yake, halafu akanigeukia mimi.

"Noor nasema bole," akasema. "Anataka umuombee. Tangu atoke ofisi hajaongea na mtu. Naswali tu, naswali, kama mtu ana deni ya miaka."

Hooyo akanitazama. Nikasema nimesikia, eddo, Mungu akubariki. Akaondoka.

Sahani iko hapa mbele yangu. Harufu ya hiliki inanitoa mate. Bado dakika chache, na nyumba ya Adeer Noor ni ya nne kutoka hapa. Hasira yangu bado ninayo, sijaimaliza, na sitaki mtu anichukulie. Lakini muadhini wa kweli akipaza sauti sasa hivi, mkono wangu utakwenda kwenye sambusa ya nani?

Hooyo anauliza naandika nini. Nimemwambia kazi ya ofisi. Nimevaa viatu.