Kabla Haijawa Yako

Laini ya Tatu, Shamba la Chai
Kericho
2 Machi 1958

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa mke wangu Phelis na wajukuu wako wawili. Sisi ni wazima, ila baridi ya asubuhi kwenye chai inatuuma vidole. Je, kifua chako kimepona? Na Mama, magoti yanamwachilia?

Baba, nina neno. Mwezi uliopita mzee Jonah, jirani yetu hapa laini, kwenye safu hizi za vyumba vya wafanyakazi, aliachishwa kazi kwa uzee. Amechuma chai miaka ishirini, na akapewa siku tatu tu aondoke chumbani. Nilimsaidia kubeba kitanda chake nikaona aibu kana kwamba ni mimi ninayefukuzwa. Tangu siku hiyo Phelis haniachi nipumue. Anataka tuwe na nyumba yetu, na huko nyumbani shamba limewabana hata ndugu zangu.

Sasa nimesikia Mureithi, yule mwenye duka la nguo hapo sokoni Chepilat, anauza nyumba yake arudi kwao Nyeri. Hajamwona mama yake tangu serikali itangaze Hali ya Hatari na kuwazuia Wakikuyu kusafiri. Mimi sina likizo mpaka Mei, na wewe uko karibu. Tafadhali nenda uingie ndani, uangalie vizuri, halafu uniandikie kama ni nzima au ni mbovu. Pesa ziko tayari. Neno lako ndilo nitakalofuata.

Ni mimi mwanao,
Nyang'au

Nyumbani
11 Machi 1958

Mwanangu Nyang'au,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia mko wazima. Kifua changu kimepona. Magoti ya mama yako hayajapona, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Anasema mwavalishe watoto viatu.

Nimekwenda Chepilat. Nyumba ina vyumba viwili, na jiko limejengwa likiegemea ukuta wa nyuma. Kuta ni za udongo zilizopakwa chokaa, na sakafu ni ya saruji. Dirisha la mbele linaangalia barabara na vilima vya kwetu. Mureithi alinikaribisha kwenye kiti chake cha mbao, na mkewe Nyaguthii akanipa uji. Ile kona ya kulia ya chumba cha nyuma ina joto zuri kwa sababu ya jiko. Watoto watalala hapo bila kukohoa.

Lakini paa bado sijalijua. Mvua haijanyesha, na siwezi kukuambia uchukue nyumba ambayo sijaiona ikinyeshewa. Ngoja kidogo.

Ni mimi babako,
Bosire

Laini ya Tatu
Kericho
8 Aprili 1958

Kwa Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi tuko salama, moyo wangu tu ndio hautulii.

Mvua imenyesha hapa mpaka ile ya mawe, ikaipasua chai tukabaki bila cha kuchuma siku tatu. Najua imenyesha na huko. Barua yako nyingine sijaiona. Badala yake Mureithi amenitumia habari kwamba mwenye mashine ya kusaga anaitaka nyumba aifanye stoo ya mahindi, na kwamba ataningojea mpaka mwisho wa mwezi huu tu.

Anasema pia kwamba umefika kwake mara tano, umekunywa uji mara tano, na siku moja ulisinzia kwenye kiti chake. Baba, unatafuta nini humo? Kama hutaki ninunue, niambie waziwazi, nitaacha. Phelis alikuwa ameshafunga sufuria zake ndani ya sanduku. Jana alizitoa zote tena, na hilo limeniuma kuliko kama angenigombeza.

Mwanao,
Nyang'au

Nyumbani
17 Aprili 1958

Mwanangu mpenzi,

Salamu za upendo. Mpe Phelis pole kutoka kwangu, na umwambie afunge sufuria zake.

Mureithi amekosea. Sikwenda mara tano, nilikwenda mara saba. Na paa halivuji. Hilo nililijua tangu mvua ya kwanza.

Umekaa laini miaka mingi, pengine umesahau. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ikimpiga. Uliponituma, nyumba ilikuwa ya Mureithi, kwa hiyo niliingia bila kosa. Siku itakapokuwa yako, mimi nitaishia mlangoni mpaka nife. Ndiyo maana nilikuwa nikirudi. Nikikaa kwenye kile kiti niliwaona moyoni wajukuu wangu wakila, Phelis akipita na chungu, na wewe ukivua koti baada ya kazi. Nilitaka kushiba hayo kwanza. Ulikuwa uchoyo wa mzee, na nusura ukukoseshe nyumba. Nisamehe.

Jana niliingia mara ya mwisho, nikagusa kuta zote. Mureithi aliuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia naaga tu, kisha nikampa mkono kwa niaba yako mbele ya mashahidi wawili. Mlipe, nyumba ni yako.

Mlango wa nyuma hukwama. Uinue kidogo kabla ya kuusukuma.

Babako anayekupenda,
Bosire

Chepilat
15 Mei 1958

Kwa Baba mpendwa,

Salamu kutoka ndani ya nyumba yetu. Ninampa Mama barua hii akitoka sokoni. Sote ni wazima, na watoto wanalala kwenye kona ya kulia.

Ni kweli nilisahau, na ninaona haya. Huko laini baba na mwana hulala wakitenganishwa na ukuta mmoja, na mtu husahau alivyolelewa. Jana mlango wa nyuma ulikwama. Niliuinua kidogo, ukafunguka, nikacheka, halafu nikalia mbele ya mke wangu.

Mureithi alisafiri Jumatatu. Kile kiti cha mbao alikataa kukiuza. Alisema kina mwenyewe. Nimekitoa nje, chini ya dirisha la mbele, nikakijengea kibaraza cha mabati ili mvua isikufikie.

Lakini Baba, jiko linatoa moshi mpaka tunatokwa na machozi, na hakuna anayejua Nyaguthii alikuwa akifanyaje. Nyumba hii wewe unaijua kuliko sisi. Njoo Jumapili baada ya kanisa, ukae kwenye kiti chako, utuelekeze. Dirisha tumeliacha wazi.

Mwanao,
Nyang'au